Ngitili, Amana ya Wanyonge

Ndugu msomaji, sisi watu wa pwani tukitajiwa nchi ya Shinyanga hukumbuka almasi ya Mwadui, na dhahabu ya Kahama. Mimi nilisomesha watoto huko katika ujana wangu, na hazina ninayotaka kukueleza leo haichimbwi. Yaitwa ngitili.

Ngitili ni neno la Kisukuma. Ni ardhi ya mtu mmoja au ya kijiji kizima, ambayo hufungwa mvua zinapoanza, majani na miti ikaachwa iote bila kuguswa. Kiangazi kikikaza, mnamo Julai au Agosti, malisho mengine yamekwisha, ndipo hufunguliwa mifugo ikala.

Desturi hii njema ilikaribia kufa. Wakati wa Mwingereza misitu ilifyekwa ili kuangamiza mbung'o. Kisha pamba ikataka mashamba. Kisha mwaka 1974 na 1975 watu wakahamishiwa katika vijiji vipya, wakaziacha nyuma ngitili za wazee wao. Nilipofika mimi, katikati ya miaka ya 1980, nchi ilikuwa uwanda mtupu hata ikaitwa jangwa la Tanzania. Wanafunzi wangu wa kike walichelewa chuoni kwa kwenda kutafuta kuni na mama zao, na nyumba nyingine zilipikia mavi ya ng'ombe yaliyokauka.

Mwaka 1986 serikali ikaanzisha HASHI, yaani Hifadhi Ardhi Shinyanga. Busara yao ilikuwa kuwarudia wenyeji na desturi yao. Ngitili zilizojulikana wakati ule zilikuwa hekta 600 hivi; mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilizidi hekta 300,000, katika vijiji zaidi ya 800. Visiki vilivyodhaniwa vimekufa vilikuwa na uhai chini ya ardhi, vilipoachwa, vikachipua. Dagashida, yaani baraza la jadi, lilitunga sheria, sungusungu wakalinda, na aliyevunja alitozwa faini. Ndege wakarudi, na wanyama wadogo wa porini wakarudi. Fisi naye akarudi, na mwenye mbuzi anaijua hasara yake. Kwani neema haiji bila ya taklifu.

Utafiti uliotolewa mwaka 2005 ulikadiria kuwa kuni, dawa, asali, malisho na majani ya kuezekea yatokayo humo yalimfaa kila mtu kiasi cha dola 14 kwa mwezi, hali matumizi ya mtu wa shamba Tanzania yalikuwa dola 8 na nusu.

Lakini hebu tujiulize: ni nani anayefaidika zaidi? Mwenye ng'ombe mia hupata malisho mengi. Mjane asiye na hata mbuzi hupata nini? Hapa twapaswa kukumbuka kuwa Mtume (S.A.W.) alitenga malisho ya hima huko Naqii, karibu na Madina. Na Sayyidna Umar (R.A.) alipomweka msimamizi wa hima, alimuusia amruhusu mwenye ngamia wachache na mwenye kondoo wachache, na ajihadhari na mifugo ya Ibn Auf na Ibn Affan. Hao walikuwa masahaba watukufu, si wabaya. Lakini mifugo yao ikifa, wana mashamba na mitende ya kurejea. Maskini mifugo yake ikifa, atakuja na watoto wake mlangoni.

Basi hicho ndicho kipimo cha ngitili, na cha kila kitu cha shirika. Leo mashimo ya wachimbaji wadogo yataka magogo ya kushikilia udongo usiporomoke, na miji ya dhahabu yataka mkaa. Mnunuzi huja na fedha taslimu. Mwenye kuuza miti hupata fedha ya siku moja. Kuni za mjane hupotea kwa miaka. Baraza likimwogopa tajiri, uzio wa ngitili ni bure.

Wala tusidhani haya ni ya watu wa bara peke yao. Mikoko yetu hukatwa usiku na watu tunaowajua, nasi twanyamaza kwa kuwa ni jamaa zetu. Atakayeulizwa kesho juu ya amana si mkataji peke yake, bali na aliyeona akanyamaza.

Mwenyezi Mungu atuwafikishe kulinda alichotukabidhi. Amin.