Mashimo Kumi na Manane Penye Upepo

Baba yangu alibeba mikoba ya fimbo za gofu kwa miaka 31, katika kiwanja kilichokaa juu ya majabali ya Mombasa, pale kusi linapovuma kutoka baharini bila ya kizuizi. Kazi hiyo ya ukedi ndiyo iliyonisomesha madrasa, skuli na chuo. Nami, siku nilipojaza fomu ya kuingia chuoni, mahali palipoulizwa kazi ya mzazi niliandika "mfanyabiashara". Baba aliisoma fomu ile, akaikunja vizuri, akanirudishia bila ya kusema neno.

Nilipojaaliwa safari ya kumzuru dada yangu, anayesoma katika Chuo Kikuu cha St Andrews huko Uskoti, Baba alifungua kopo lake la biskuti akatoa kadi ya alama iliyofifia. Alipewa zamani na mchezaji mmoja aliyewahi kufika huko. Magoti yake hayamchukui tena mbali. "Mwanangu," aliniambia, "kitembee chote, shimo kwa shimo. Kisha unambie upepo ulikuwa wapi."

Mji wa St Andrews uko ukingoni mwa Bahari ya Kaskazini. Reli haifiki mjini. Msafiri hushuka Leuchars akapanda basi. Kiwanja chake kikongwe, Old Course, ni mali ya umma, na siku ya Jumapili hufungwa kwa wachezaji, isipokuwa katika mashindano makubwa. Nyasi hupumzika, na yeyote hupita: wazee wenye bakora, mama wenye watoto, na watu na mbwa wao. Baba aliingia kazini kwa mlango wa nyuma miaka yote ile. Mimi niliingia hapa kwa mlango wa mbele bila ya kuulizwa jina.

Kiwanja hiki hakikuchorwa na mtu mmoja. Ni mchanga ulioachwa na bahari, ukaota nyasi ngumu, na mchezo ukachezwa juu yake karne baada ya karne. Mashimo yalikuwa 22 hadi mwaka 1764, yakapunguzwa yakawa 18, na idadi hiyo ndiyo iliyofuatwa duniani kote. Mchezaji huondoka mjini, huenda hadi mlango wa mto Eden, kisha hurudi alikotoka. Wazee wetu walisema, tezi na omo, marejeo ni ngamani. Kwa kuwa wanaokwenda na wanaorudi hupishana njiani, mashimo 14 hugawana grini saba, yaani ule uwanja wa nyasi laini wenye shimo na bendera. Jumlisha namba za mashimo yanayogawana grini, nawe utapata 18 kila mara: la 2 na la 16, la 5 na la 13, la 8 na la 10.

Kabla ya safari Baba alinipa kanuni tatu. Kwanza, usiulize bendera peke yake. Rusha nyasi kidogo juu, tazama na maji. Pili, upepo ukiwa wa mbisho usipige kwa nguvu zaidi. Mpira uliopigwa kwa hasira huzunguka sana, hupanda juu, na huko juu upepo huufanya utakavyo. Chukua fimbo ya kupeleka mbali zaidi, upige polepole, mpira uende chini chini. Tatu, upepo wa ubavuni usishindane nao. Lenga upande unakotoka, kisha uuache ukurudishie mpira, kama nahodha anavyoacha nafasi kwa mkondo.

Siku yetu upepo ulitoka kusini-magharibi, kama ilivyo ada ya mahali hapo. Katika shimo la 1 ulitupiga usoni. Njia ni pana mno, kwani inaungana na ya shimo la 18, na mgeni hudhani hakuna hatari. Hatari ni kijito cha Swilcan, kinachopita kwenye ukingo wenyewe wa grini. Pigo la pili lisiwe fupi: afadhali mpira upite bendera kuliko kutumbukia majini.

Kuanzia la 2 hadi la 6 kiwanja huelekea kaskazini-magharibi, na upepo wetu ulikuwa wa kushoto. Kuliani kuna vichaka vya miiba vyenye maua ya manjano, na mpira ukiingia humo ni wa kusamehewa. Kwa hiyo mchezaji hulenga kushoto. Lakini kushoto nako kuna bei yake: humweka pembeni, na grini huwa ngumu kuiendea. La 4 ni jembamba kuliko mengine. La 5 ni refu, na grini yake ni pana hata kuifikia si kazi. Kazi ni kuufikia mpira shimoni baada ya hapo. Katika kiwanja chote kuna bunka 112, mashimo ya mchanga yenye kuta wima za nyasi, na mengi huyaoni mpaka umeshafika.

La 7 hadi la 11 ndipo kiwanja kinapojikunja, na upepo hubadili upande karibu kila shimo. Njia ya la 7 hukatana na ya la 11, basi adabu ni kutazama kabla ya kupiga. La 8 ni fupi, la 9 na la 10 hayana milima wala mabonde makubwa. Hapo ndipo mwenye busara huweka akiba, kwa kuwa njia ya kurudi itadai.

Shimo la 11 ni fupi pia, kiasi cha mita 160, lakini lilinisimamisha muda mrefu. Grini imeinama kumwelekea mpigaji, nyuma yake maji ya Eden, mbele yake bunka mbili za kina, moja iitwayo Hill na nyingine Strath. Upepo ulitujia usoni. Hapa, mwaka 1921, kijana wa Kimarekani Bobby Jones, mwenye umri wa miaka 19, aliingia katika bunka ya Hill, akashindwa kutoka, akauokota mpira wake na kuyaacha mashindano. Alijuta kwa kitendo kile. Alirudi, akashinda hapo hapo mwaka 1927, na mwaka 1958 mji ukampa heshima ya kuwa mwananchi wake huru. Shimo la 10 lina jina lake. Nilichuma nyasi, nikazirusha. Zikarudi kifuani pangu. Dada yangu akacheka. "Kaka, hata fimbo huna." Nikamwambia, hesabu ni ya Baba.

Kuanzia la 12 tulirudi, na upepo ukawa wa kulia kwa nyuma. Bunka za la 12 hazionekani kutoka mahali pa kupigia, kwa sababu zamani kiwanja kilichezwa pia kinyume, na kwa wa enzi hizo zilikuwa wazi. La 13 lina bunka ziitwazo Majeneza. La 14 ni refu kuliko yote, zaidi ya mita 560 katika mashindano makubwa. Kuliani kuna ukuta ambao nyuma yake ni nje ya kiwanja. Mwenye kuukimbia sana husukumwa na upepo hadi kwenye bunka za kushoto. Mbele kuna bunka iitwayo Hell, yaani Jahanamu. Jack Nicklaus, aliyewahi kushinda mara mbili hapa, aliingia humo mwaka 1995 akatoka na mapigo 10 katika shimo hilo moja. Dawa yake ni kukubali kuzunguka. La 15 halina makuu. Katika la 16 kuna bunka katikati ya njia, na kuliani ni nje ya kiwanja palipopita reli. Pita kushoto, hata kama njia inarefuka.

La 17 ndilo lenye sifa ya ugumu kuliko yote. Pigo la kwanza hupita juu ya mabanda yaliyo pembeni mwa hoteli, bila ya kuona mpira utakapoangukia. Grini ni nyembamba: mbele kushoto kuna bunka ya kina, nyuma kuna barabara na ukuta wa mawe. Mwaka 1978 Mjapani Tommy Nakajima alikuwa tayari juu ya grini, akausukuma mpira ukateremka ndani ya bunka hiyo, akamaliza kwa mapigo 9. Ushauri wa wengi ni kuishia mbele ya grini kwa kulia, kisha kusogea taratibu.

La 18 ni jepesi kwa macho: daraja dogo la mawe, njia pana, nyumba za mji. Mbele ya grini kuna bonde linalorudisha mpira uliokosa nguvu. Upepo ulikuwa mgongoni, nao hudanganya, kwani humfanya mtu ajione hodari.

Usiku nilimpigia Baba simu. Nilimweleza yote. Nikamwambia pia kwamba katika mashindano ya mwaka 2015 upepo wa hapo ulivuma hadi ukaisogeza mipira juu ya grini, mchezo ukasimamishwa kwa zaidi ya saa 10. Akanyamaza kidogo, kama anayesikiliza majabali ya kwetu.

Kisha nikasema nilichokusudia kukisema kwa miaka mingi. "Baba, ile fomu ya chuo. Niliandika uongo. Naomba radhi."

"Nilikwisha kusamehe siku ile ile," akajibu. "Ila nilijiuliza biashara yenyewe ni ipi, maana hata duka sikuwa nalo." Akacheka mpaka akakohoa. "Sasa niambie. La 17, ulisimama kulia au kushoto?"

"Kulia, Baba, kama wanavyoshauri."

"Na upepo unatoka kulia nyuma? Basi huko si kulia kwa kutosha, mwanangu. Ungeanguka bunkani. Sogea tena hatua 10."

Kabla ya kuondoka kesho yake asubuhi, nilirudi hadi ukingo wa kiwanja, nikasimama nje ya ukuta. Makedi walikuwa wameshaanza kazi, mikoba begani. Mmoja wao alichuma nyasi, akazirusha juu, akatazama zinakoangukia.