Kuweka divai Kongowea: hesabu ya joto

Leo kuna mstari mmoja tu wa programu, mengine yote ni chupa. Wenzangu kazini huniuliza kwa nini mtu anayeishi Kongowea, mahali ambapo siagi haikai mezani hata dakika kumi, anakusanya divai. Jibu fupi ni kwamba naipenda. Jibu refu ndilo hili, na huenda likamfaa yeyote anayefikiria kununua chupa ya kuweka, awe Kisauni, Likoni au Dar es Salaam.

Kwanza mjue kwamba mimi ni mtoto wa mgema. Baba alikwea minazi Kaloleni kwa zaidi ya miaka arobaini, asubuhi na jioni, kotama kiunoni. Tembo ndilo lililonilipia karo hadi nikajifunza kompyuta. Na tembo ni kinyume cha kila kitu kinachosemwa kuhusu divai. Linaanza kuchachuka likiwa bado juu ya mti. Asubuhi ni tamu, jioni ni kali, kesho yake linaelekea kuwa siki. Hakuna mgema mwenye ghala. Nilipomwambia Baba mara ya kwanza kwamba kuna watu wanaonunua kinywaji na kukilaza miaka ishirini ndipo wakinywe, aliuliza swali moja tu: "Na wakifa?"

Lugha yetu yenyewe inaonyesha kwamba kitu hiki ni mgeni. Tembo ni neno letu. Mvinyo tumelipata kwa Wareno, waliosema vinho, na divai inatokana na Kifaransa, du vin. Lakini mizabibu yenyewe sasa iko jirani. Dodoma inavunwa mara mbili kwa mwaka, na hapa Kenya kuna mashamba ya Naivasha yanayotoa divai ya Leleshwa. Hata marehemu Richard Leakey, yule mtafiti wa mifupa ya kale, alipanda mizabibu ya Pinot Noir juu ya Bonde la Ufa, upande wa Ngong.

Jambo la pili ni hili: chupa nyingi mno hazikutengenezwa ziwekwe. Divai unayoiona kwenye rafu za supamaketi za Nyali, ya bei ya kawaida, imekusudiwa kunywewa ndani ya mwaka mmoja au miwili. Ukiilaza miaka kumi haiwi bora, inakuwa nzee tu. Inayostahimili ni ile yenye kitu cha kuishikilia: uchachu wa kutosha, sukari nyingi, au ule ukakasi unaokausha ulimi kama chai ya rangi iliyokaa sana jikoni. Bei peke yake haikwambii. Alama za wataalamu nazo zisome kwa tahadhari. Robert Parker wa Marekani alipoanza kutoa alama hadi 100 mwishoni mwa miaka ya 1970, wanunuzi walishukuru, lakini baada ya muda divai zilianza kutengenezwa zimpendeze yeye. Wahenga wetu walishalisema: mgema akisifiwa tembo hulitia maji.

Sasa tufike kwenye joto, maana hapa ndipo mkusanyaji wa Pwani anapotofautiana na wa Paris au London. Divai hupenda nyuzi 12 au 13, giza na utulivu, na chupa yenye kizibo cha gome hulazwa ili kizibo kisikauke. Kabatini kwangu, tangu nilipoweka kihisi joto cha DS18B20 kikiongozwa na Raspberry Pi, wastani ni nyuzi 28. Mwezi wa Machi hufika 33. Wanakemia wana kanuni ya kukadiria: joto likiongezeka nyuzi 10, kasi ya mmenyuko huwa kama maradufu. Huu ndio mstari niliowaahidi:

kasi = 2 ** ((28 - 13) / 10)

Jibu ni 2.8. Maana yake, mwaka mmoja kabatini Kongowea ni kama miaka mitatu kwenye ghala la chini ya ardhi kule Ufaransa. Na si kwamba inazeeka haraka tu. Si kila badiliko huongeza kasi kwa kipimo kilekile, kwa hiyo divai ya joto haifiki mahali pale pale kwa njia ya mkato. Inafika kwingine, ikiwa na ladha ya tunda lililopikwa.

Mimi siamini kanuni mpaka niijaribu. Mwaka 2014 binti yangu alizaliwa, nami nikanunua katoni moja ya Cabernet Sauvignon ya Stellenbosch, chupa 12 kwa shilingi 1,800 kila moja. Mke wangu alipiga hesabu ya karo ya chekechea akaniangalia, nami nikamweleza mpango: chupa ya mwisho itafunguliwa binti akitimiza miaka 18, yaani 2032. Nikagawa katoni mara mbili. Chupa sita kabatini, sita kwenye friji ya mtumba niliyoiunganisha na kihisi na swichi inayoizima ikifika nyuzi 13 na kuiwasha ikipanda. (Ukinunua friji ndogo ya divai, uliza kama ina kompresa. Zile zisizo na kompresa hushusha joto kiasi fulani tu chini ya joto la chumba, na chumba chenu mnakijua.) Nafasi zilizobaki nilijaza chupa za maji, ili stima ikipotea joto lipande polepole. Chupa zenyewe nilizifunga nailoni, maana unyevu wa huku huota ukungu kwenye lebo.

Kila baada ya miaka miwili, mwezi wa Desemba, nabeba chupa mbili hadi Kaloleni, moja ya kabati na moja ya friji. Nafunika lebo, namimina, namwacha Baba aseme. Jedwali langu la data lina safu za tarehe, mahali, joto la wastani, na moja inayoitwa maoni_ya_baba. Sijawahi kuona mwandishi wa divai anayesema kwa maneno machache kama yake:

2016: kabati, "changa", friji, "changa".
2018: kabati, "limekaza", friji, "bado changa".
2020: kabati, "limepita", friji, "linaamka".
2022: kabati, "nani amelipika?", friji, "linakaribia".
2024: kabati, "siki yenye kiburi", friji, "limefika".

Yeye huiita tembo kila mara, nami siku hizi simsahihishi :-)

Wale mnaopenda mambo ya programu mtafurahi kujua kwamba ugonjwa huu wa kuweka chupa kwenye jedwali una mzee wake. Eric LeVine, aliyekuwa akifanya kazi Microsoft, alijiandikia mwaka 2003 programu ya kuhesabu divai zake mwenyewe, mwaka uliofuata akawafungulia wengine, ikawa CellarTracker. Kwa nini kumbukumbu ni muhimu hivyo? Kwa sababu chupa iliyofungwa haisemi. Mwaka 2008 mnada mmoja wa New York ulikuwa na chupa za Clos Saint-Denis za nyumba ya Ponsot, zimeandikwa miaka ya kuanzia 1945 hadi 1971. Laurent Ponsot mwenyewe alisafiri kuzizuia, maana familia yake ilianza kutengeneza divai hiyo miaka ya 1980. Aliyezipeleka mnadani, Rudy Kurniawan, alikamatwa Machi 2012 nyumbani kwake California, na Agosti 2014 akahukumiwa miaka 10. Matajiri walikuwa wamenunua lebo. Hakuna aliyekagua data.

Kwa hiyo mtu akikuuzia chupa ya zamani hapa Mombasa, usiulize kwanza ni ya mwaka gani. Uliza imelala wapi. Chupa ya 2010 iliyosimama kwenye dirisha la duka ikipigwa na jua ina umri mwingine kabisa.

Nirudi kwenye jedwali. Imebaki chupa moja ya friji na moja ya kabati. Ile ya kabati naiweka kama kielelezo tu. Ile ya friji ndiyo shida. Neno "limefika" likitoka kwa mgema si sifa ya kawaida. Wao huishi kwa neno hilo, kwa sababu tembo lililofika halikupi siku ya pili. Divai hukupa miaka kadhaa, lakini si minane, angalau si hii yangu ya shilingi 1,800. Na Baba naye sasa hakwei tena. Mkono unaoshika kikombe unatetemeka, na mwaka jana alianza kunisahau jina kwa dakika chache, kisha akalikumbuka akacheka. Nikiingoja 2032, huenda divai isiwepo, na huenda yeye asiwepo. Lile swali lake la kwanza halikuwa utani.

Nilimweleza mpango wa binti na chupa ya mwisho. Alifikiri kidogo akasema, "Mwanangu, tembo haliwekewi mtu ambaye bado yuko njiani. Wanywe waliopo. Yule akifika, mtagema jingine."

Basi Desemba hii tunaifungua, bila kufunika lebo. Binti atakaa nasi na soda yake, naye ndiye atakayeandika maoni ya babu yake kwenye jedwali. Hiyo safu ndiyo nitakayompa 2032, na kwangu ina thamani kuliko chupa.

Lakini kwa kuwa ahadi ni deni, nimemwekea nyingine. Rafiki yangu aliyetoka Lisbon aliniletea Madeira, divai ya kisiwa cha Wareno, wale wale waliotujengea Ngome ya Yesu kuanzia 1593. Hii ina historia inayotufaa. Zamani mapipa yake yalivuka nchi za joto ndani ya meli, na watu wakagundua kwamba yalirudi na ladha bora kuliko yalivyoondoka. Tangu hapo wanaipasha moto makusudi: nyingine huwekwa kwenye matangi ya nyuzi 45 hadi 50 kwa miezi mitatu au zaidi, nyingine hulala miaka mingi kwenye dari zenye joto. Ina kileo cha asilimia 17 hadi 22, na kuna chupa za zaidi ya miaka mia moja ambazo bado zinanyweka. Unaisimamisha wima na kuisahau. Joto la Kongowea halitaifanya kitu, kwa sababu ilikwisha kupita kwenye moto kabla ya kuja kwetu.

Kwa anayetaka kuanza, ushauri wangu ni huu. Nunua chupa kadhaa za aina moja badala ya moja moja za aina nyingi, ndipo utaona mabadiliko. Pima joto kabla hujatumia pesa. Kama huna friji, nunua ya kunywa wiki hii, au tafuta Madeira. Na tafuta mtu mwenye ulimi mkweli wa kuonja nawe, umwandike maneno yake yangali yanapatikana.

Wakati mwingine tutarudi kwenye programu. Alamsiki.