Chakula cha Jumatatu

Tunapozungumzia kuhifadhi utamaduni, aghalabu fikira zetu hukimbilia majengo. Twataka ukumbi upakwe rangi na kibao kitundikwe mlangoni. Mimi naona ya kuwa jengo ni ganda tu, na historia ya klabu ya Minton's Playhouse, huko Harlem mjini New York, yathibitisha hayo.

Klabu hiyo ilifunguliwa mwaka 1938 na Henry Minton, mpiga saksafoni, katika ghorofa ya chini ya Hoteli ya Cecil. Minton alikuwa Mmarekani Mweusi wa kwanza kuwa mjumbe wa chama cha wanamuziki cha mji huo. Chama kiliwatoza faini waliopiga muziki bila malipo. Lakini kwake, kwa ajili ya cheo chake, walipiga bila hofu. Mwaka 1940 alimkabidhi uendeshaji Teddy Hill, aliyepata kuongoza bendi. Hill aliwaajiri Thelonious Monk apige piano na Kenny Clarke apige ngoma. Jumatatu, siku ya mapumziko ya wasanii wa ukumbi wa Apollo, aliwaalika kula bure. Wakiisha kushiba, walipanda jukwaani kupimana ustadi. Walifika akina Charlie Christian, Dizzy Gillespie na Charlie Parker, na katika kupimana huko ukakua mtindo mpya wa jazi uitwao bibopu.

Mwaka 1974 moto ulizuka hotelini, klabu ikafungwa. Ilifunguliwa tena mwaka 2006, ikafungwa 2010. Mwaka 2013 tajiri Richard Parsons, pamoja na mpishi Alexander Smalls, waliihuisha ikawa mkahawa wa kifahari wenye muziki.

Juhudi hizo zastahili heshima, wala simlaumu mwenye mkahawa kwa kutafuta faida, maana kodi hailipwi kwa sifa. Hata hivyo mpango umegeuka. Zamani mwanamuziki ndiye aliyelishwa, na mteja alisikiliza yaliyokuwa yakitafutwa. Baadaye mteja ndiye aliyelishwa, na mwanamuziki akampigia yaliyokwisha kupatikana.

Nasi tuliolitwaa jina la jazi kwa bendi zetu za dansi, kama vile Dar es Salaam Jazz na Morogoro Jazz, tuna la kujifunza hapo. Kabla ya kufufua ukumbi wowote, hatuna budi kujiuliza: ni usiku gani kijana ataruhusiwa kujaribu na kukosea, na ni nani atakayemlisha?