Manyoya, Sufi na Ndoana

Huenda ukashangaa, msomaji, kusikia kwamba nchi yetu huuza nzi ng'ambo. Sisemi wale nzi hai watuudhio mezani, bali nzi wa bandia, ambao hufungwa kwa mikono juu ya ndoana kwa uzi, manyoya na singa, wapate kufanana na wadudu waliwao na samaki. Kazi hii imefanywa Kenya tangu siku za ukoloni, na hata leo wako watu katika Nairobi, wengi wao wanawake, ambao hupata riziki yao kwayo. Nzi watokao mikononi mwao hununuliwa na wavuvi wa Uingereza, Marekani na kwingineko. Shangazi yangu alikuwa mmoja wa wafungaji hao. Kwa muda wa miaka kumi na tisa aliketi mbele ya jiliwa ndogo akifunga nzi dazani baada ya dazani, wala katika miaka hiyo yote hakupata kumwona trauti, yule samaki ambaye nzi wale walitengenezwa kwa ajili yake.

Trauti si mwenyeji wa mito yetu. Mwaka 1905 mlowezi Ewart Grogan alileta mayai yake kutoka Loch Leven, huko Scotland, na samaki wake wakatiwa katika mto Gura, utokao milima ya Nyandarua. Maji ya huko ni baridi na maangavu, nao wakastawi. Baadaye mito mingine ya Nyandarua na ya Mlima Kenya ikapandwa samaki hao hao. Trauti hula wadudu wa majini, wengine wakiwa bado mabuu chini ya mawe, wengine wakiwa juu ya uso wa maji wakijaribu kuruka. Mvuvi atumiaye nzi hamtegi samaki kwa harufu ya nyama wala kwa mnyoo. Humtega kwa sura na mwendo tu. Kwa hiyo kila kitu kiwekwacho juu ya ndoana kina sababu yake, na sababu hiyo ndiyo iliyonivuta mimi, mwalimu wa sayansi, katika jambo ambalo kwanza halikunihusu.

Shangazi alikuja kukaa nami hapa Parklands macho yake yalipoanza kuchoka. Nzi aigizaye usubi ni mdogo kuliko punje ya mtama, na katika kazi ile mtu hulipwa kwa idadi ya nzi aliofunga; asiyeona vizuri hapungukiwi na mwanga tu, hupungukiwa na unga pia. Aliacha kazi, lakini mikono yake haikukubali kuacha. Akaniambia siku moja, "Mwalimu, nataka nifunge nzi wangu mwenyewe, niwauzie wavuvi waendao Nyandarua. Lakini vifaa vyote vinatoka Ulaya na Marekani, na bei yake siiwezi. Wewe umesoma. Hebu niambie, kwa nini lazima iwe singa ya mnyama wa kule?"

Swali hilo ni jema kuliko mengi niyasikiayo darasani. Wengi wetu tukiambiwa kwamba kitu fulani chatakiwa, huuliza kinauzwa wapi; yeye aliuliza kina kazi gani.

Tulianza na kadisi. Huyu ni mdudu ambaye buu lake hukaa chini ya mto na kujijengea nyumba kwa chembe za mchanga au vijiti, akiviunganisha kwa hariri aitoayo kinywani mwake, hapo hapo majini. Akikomaa hupanda juu, akapata mabawa ayakunjayo mgongoni mfano wa paa la nyumba. Mabawa hayo yana vinyweleo, na wataalamu wameliita kundi lake lote kwa neno la Kiyunani lenye maana ya mabawa ya nywele. Nzi mashuhuri wa kumwigiza alibuniwa mwaka 1957 na Mmarekani Al Troth, aliyetengeneza paa lile kwa singa za elki, mnyama mkubwa wa jamii ya kulungu wa nchi za baridi. Siri ya singa hizo ni kwamba ndani yake mna vijumba vidogo vilivyojaa hewa. Ndiyo sababu huelea; na uzi ukizikaza hubonyea na kutawanyika, zikafanya bawa pana.

Basi tulitafuta kitu chenye hewa ndani yake. Katika chuo cha ualimu tulifundishwa kanuni moja ya majaribio ambayo sijaisahau: ukibadili mambo mawili kwa mara moja, hutajua ni lipi lililoleta tofauti. Shangazi alifunga nzi wote kwa ndoana za kipimo kimoja, uzi wa aina moja na mwili wa sufu ile ile ya kahawia. Bawa peke yake ndilo lililobadilika. Nikajaza beseni maji, nikawatia mmoja mmoja, nikitazama saa. Singa za mbuzi zilizama upesi. Singa za mkia wa ng'ombe, zile zitengenezwazo usinga, zilikuwa nzuri kwa macho, zikizama vile vile, maana ni ngumu na zimejaa, hazina nafasi ya hewa. Tena uzi ukizikaza hazitawanyiki, zinalala tu kama ufagio.

Jirani mmoja alisema angeweza kutupatia ngozi ya mnyama wa porini. Tulimshukuru, tukakataa. Kuwinda kulipigwa marufuku Kenya mwaka 1977, na sheria ya wanyamapori haiangalii kwamba ulitaka kipande kidogo tu cha kufungia nzi. Nasema haya kwa kuwa najua baadhi yenu mtapenda kujaribu: manyoya ya kuku, bata na sungura wa nyumbani yatosha kazi ya miaka mingi.

Ajabu ni kwamba kitu tulichokuwa tukikitafuta kilikuwa kikitupwa. Katika soko la City Park, mwendo wa dakika chache kutoka nyumbani, shangazi alimwomba mchinjaji wa kuku amwekee manyoya ya bata, hasa yale madogo yaliyozunguka tezi ya mafuta karibu na mkia. Wavuvi wa milima ya Jura, huko Uswisi, walianza kuyatumia manyoya hayo katika miaka ya 1920. Vijinyuzi vyake ni vingi na vimepindapinda, hushika viputo vya hewa, na mafuta ya bata huyakinga na maji. Nzi wa shangazi mwenye bawa la nyoya hilo alielea katika beseni hata tukachoka kumtazama, tukaenda kula. Tuliporudi alikuwa bado juu.

Tulijaribu pia sufi, ile ijazwayo katika mito na magodoro huko pwani. Kila unyuzi wa sufi ni kama mrija mwembamba wenye hewa, uliopakwa nta kwa asili yake; ndiyo maana zamani ilijazwa katika majaketi ya kuokolea watu baharini. Kwa mwili wa nzi ilifaa mno. Kwa bawa haikufaa, kwa kuwa haina umbo. Na ndara kuukuu ya sponji, iliyokatwa vipande vyembamba kwa wembe, ilielea kupita vyote. Mimi niliipenda ndara. Shangazi aliitazama akatikisa kichwa, akasema nzi yule anakaa juu ya maji kama mtu aliyeketi juu ya meza.

Usubi alitusumbua zaidi. Wanafunzi watokao pande za Kisumu watawajua wadudu hawa, maana katika Ziwa Viktoria hutoka kwa wingi hata huonekana kama moshi juu ya maji, na wako watu wa kandokando ya ziwa ambao huwakusanya na kuwafanya mikate ya kula. Mabuu ya baadhi yao ni mekundu, kwa kuwa yana hemoglobini kama damu yetu, iwasaidiayo kuishi katika matope yasiyo na hewa nyingi. Buu hilo laweza kuigizwa kwa uzi mwekundu na waya mwembamba wa shaba. Waya tuliupata bure, tukiuzongoa katika redio iliyoharibika. Frank Sawyer, mtunza mto Avon huko Wiltshire, Uingereza, aliyeandika kitabu juu ya mambo haya mwaka 1958, alikuwa akifunga nzi wake mashuhuri kwa waya wa shaba badala ya uzi, ili mwili na uzito vipatikane kwa kitu kimoja.

Sawyer huyo huyo alikuwa na nzi mwingine aliyemfunga kwa sufu ya kutilia viraka soksi, ya kiwanda cha Chadwick, yenye namba 477. Kiwanda kilipoacha kuitengeneza, wavuvi waliyasaka mabaki yake na kuyanunua kwa fedha nyingi, kana kwamba samaki husoma namba. Hata hivyo hawakuwa wajinga kabisa. Sufu ile ikilowa hupata wekundu hafifu usioonekana ikiwa kavu. Nilipomsomea shangazi habari hiyo alinyamaza, kisha akachukua vipande vyote vya sufu alivyokuwa navyo, akavitia katika bilauri ya maji dirishani. Miaka kumi na tisa alikuwa akichagua rangi zikiwa kavu, kama alivyoelekezwa. Rangi ya majani makavu iligeuka karibu nyeusi. Ile aliyoiita mbaya ikawa rangi ya buu hasa.

Lakini macho? Nzi mdogo kuliko punje hakuweza kumfunga, hata kwa waya wa bure. Dawa ilitoka kwa usubi wenyewe. Mara nyingi hushikamana juu ya maji, kadhaa pamoja, na trauti huwameza kwa mkupuo mmoja. Mmarekani George Griffith aliacha nzi wenye jina lake waigizao rundo hilo: mwili wa unyoya wa tausi, na nyoya la jogoo wa madoadoa lililozungushwa tangu mkia hata kichwa. Hatukuwa na tausi. Tulitumia sufu nyeusi na nyoya la jogoo wa sokoni. Ndoana yake ni kubwa kiasi, na shangazi aliweza kuifunga bila kukunja uso.

Hata hivyo beseni si mto. Siku moja ya likizo tulilipia kibali, tukapita Limuru hadi msitu wa Gatamaiyu, kusini mwa Nyandarua, ambako mto wa jina hilo una trauti. Shangazi hakutaka kuvua kwanza. Alivua viatu, akaingia ukingoni, akageuza jiwe. Chini yake palikuwa na vijumba vya kadisi, vya mchanga, kila kimoja si kirefu kuliko ukucha. Alikaa navyo kiganjani muda mrefu. "Kumbe ana kiuno," akasema, "na sisi tulikuwa tukimfunga mnene."

Nzi wa ndara alipita juu ya vichwa vya samaki mara nyingi, wala hakuna aliyemjali. Mbona, sijui hata leo kwa hakika. Labda alikaa juu mno, kama shangazi alivyosema. Nzi wa bata alipita mara tatu. Mara ya nne maji yalifumuka, na baada ya muda mfupi trauti alikuwa ndani ya wavu, ubavu wake una madoa meusi na mekundu. Shangazi alimshika kwa mikono iliyolowa, akamtazama kinywani, mahali hasa ambapo nzi alikuwa amenasa, kama mshonaji atazamaye nguo mwilini mwa mteja. Akamrudisha majini.

Nzi yule, baada ya kupakwa ute wa samaki, alikataa kuelea tena mpaka tulipomsuuza na kumkausha kwa leso, na hilo ni shida ambayo wavuvi watalalamikia. Shangazi anajaribu sasa kuchanganya nyoya la bata na sufi kidogo, aliyoipika kwa majani ya chai ili ipate rangi ya kahawia. Bilauri tatu ziko dirishani, na moja imekwisha kugeuka rangi.