Faragha Isiyo na Ukuta

Sisi watu wa Pwani tumelirithi neno nyika likiwa na hofu ndani yake. Kwa wazee wetu nyika ilikuwa bara kavu nyuma ya minazi, mahali pa miiba na kiu, ambapo misafara iliingia kwa dua. Si ajabu basi kwamba tulipowaaga jirani zetu kwenda kutafuta utulivu katika nyanda za Laikipia, walituuliza kama bahari imetukinai.

Nyeri yenyewe si nyika. Ni mji wa vilima, kahawa na chai, wenye baridi ya asubuhi inayowaliza watoto wa Mombasa. Lakini ukiipita Kiganjo na kuelekea Naro Moru, ardhi hujinyoosha. Mlima Kenya, wenye kimo cha mita 5,199, hubaki kulia. Safu ya Nyandarua hubaki kushoto. Katikati ni nyasi mpaka jicho lichoke. Pepo za mvua zitokazo Bahari ya Hindi, zile zile zinazotunyeshea sisi, humwaga maji mengi upande wa mashariki wa mlima, na zikifika huku hazina mengi ya kutoa. Ndiyo maana hapa ni pa majani na mifugo.

Magharibi ya Nanyuki, familia moja ya wafugaji ilituruhusu kukaa mchana kutwa kando ya malisho yake. Tulikuwa wanawake watano, watoto, na bibi yetu aliyetandikiwa mkeka. Kwetu faragha ya mwanamke hujengwa kwa ukuta, pazia na mlango. Ni faragha ya heshima, lakini haina upweke ndani yake: nyuma ya pazia kuna chungu motoni, mtoto anayelia, wifi anayeita, na mume anayeuliza funguo zimewekwa wapi. Mmoja wetu alisema kwamba tangu aolewe, saa anayokuwa peke yake ni ile ya kabla ya alfajiri, nayo huikata kutoka usingizi wake.

Uwandani faragha huletwa na umbali. Tulipeana zamu: mmoja alikwenda hatua mia tatu akaketi, wengine wakabaki na watoto. Tulimwona, naye hakutusikia. Yeyote ambaye angemkaribia angeonekana kitambo kabla hajafika. Hatuijui nyumba ya mawe inayompa mwanamke ulinzi na upweke kwa wakati mmoja.

Kimya hicho kina sauti zake. Kwenye udongo mweusi huota migunga mifupi yenye vifundo vilivyotobolewa na sisimizi wadogo waishio ndani. Upepo ukipita, vifundo hulia. Bibi alidhani kuna mwanamume anapiga mluzi, akatuamuru tujitande vizuri. Adhuhuri tuliswali kwa kupunguza, tukielekea kaskazini karibu kama kwetu, mlima ukiwa nyuma ya bega la kulia, umekwisha kujifunika mawingu.

Hata hivyo utupu huu una historia, nasi tusingependa kuusifu kwa macho yaliyofumbwa. Kwa mkataba wa 1904 serikali ya kikoloni ya Waingereza iliwahamishia Laikipia Wamaasai waliotolewa Bonde la Ufa. Kwa mkataba wa 1911 ikawatoa na huku pia, wakapelekwa kusini ili masetla wapate ardhi. Walikwenda mahakamani mwaka 1913 na kesi yao ikatupwa. Kwa hiyo kimya ambacho wageni hukilipia kwa bei kubwa nyuma ya nyua kilipatikana, kwa sehemu, kwa kuwaondoa wake na waume waliokuwa wakiimba na kuitana hapa.

Tena kimya hakina maana moja kwa wote. Mama mwenyeji wetu alipotukuta tumeketi mbalimbali bila kusema, aliuliza kwa huruma kama tumefiwa. Kwake yeye uwanda ni kazi, na malisho yakinyamaza wakati wa kiangazi maana yake ndama hawana nguvu ya kulia. Tulipomweleza habari ya zamu zetu alicheka sana. Kisha akamkabidhi binti yake kibuyu cha maziwa, akauliza kama naye anaweza kupewa moja, akaondoka kuelekea migungani. Hakurudi mpaka ng'ombe walipoanza kuingia zizini.