Saa ya Swichi

Mali hupotea kwa njia mbili. Njia ya kwanza ina kishindo: moto, wizi na mafuriko. Njia ya pili haina sauti: ni upotevu wa kila saa, mdogo hata mtu huona haya kuuhesabu, lakini usiokoma. Umeme utumikao pasipo mtu wa kuutumia ni wa njia hii ya pili. Taa iwakayo mchana haimwiti mwenyewe. Pampu haijui kuwa tangi limejaa. Na hita hupasha maji ya mtu aliyekwisha kwenda kazini.

Nakaa Dar es Salaam katika nyumba ya wapangaji, vyumba sita kwa mita moja. Mita yenyewe ni ya LUKU, yaani Lipa Umeme Kadiri Utumiavyo: fedha hutangulia, umeme hufuata. Desturi hii ina adabu yake, kwa kuwa humwonyesha mtu matumizi yake kwa tarakimu. Lakini mita huhesabu, haishuhudii. Hutaja uniti zilizokwenda, wala haisemi ni nani aliyezitumia. Kila umeme ulipokwisha kabla ya siku ya mchango, macho ya ukumbini yalitafuta mkosaji. Fundi cherehani alishukiwa kwa pasi yake, mama mwuza barafu kwa jokofu lake, na mimi kwa taa yangu ya kusomea. Majirani wawili walipitana mlangoni mwezi mzima bila salamu. Shaka ilikuwa ghali kuliko umeme.

Nilishauri tupige hesabu kabla ya kupigana. Taa mbili za nje, kila moja ya wati 60, zilitumia uniti 1.44 kwa usiku wa saa 12. Zikisahauliwa mchana, hutumia nyingine kama hizo. Pampu ya wati 750 ilijaza tangi kwa dakika 40, yaani nusu ya uniti; ikiachwa saa 3 hula uniti 2.25, na maji yakamwagika juu ya hasara hiyo. Ilidhihirika kuwa sehemu kubwa ya upotevu haikuwa ya chumba cha mtu yeyote. Ilikuwa ya vitu vya wote, na kitu cha wote hakina wa kukizima.

Hapo ndipo nilipotaja saa ya swichi, ambayo mafundi huiita taima. Ni kidude chenye kisahani kinachozunguka mara moja kwa saa 24, na ukingoni kina meno 96, kila jino dakika 15. Meno yaliyobonyezwa huwasha, yasiyobonyezwa huzima. Kisahani husomeka kwa hesabu ya Kizungu, basi aliyezoea saa ya Kiswahili hana budi kukumbuka kuwa 18 ni saa kumi na mbili jioni. Nchi yetu imekirahisishia kazi. London machweo husogea zaidi ya saa nne kati ya kipupwe na kiangazi. Dar es Salaam, iliyo karibu na ikweta, hayasogei hata saa moja. Saa ya taa ikitegwa mara moja hufaa mwaka mzima.

Bibi wa chumba cha kwanza hakuridhika. Aliuliza, "Mwanangu, nyumba ikiajiri saa iwe na akili kwa niaba yake, yenyewe itabaki na nini?" Swali lake lilikuwa zito, nami sikulijibu kwa haraka. Ni kweli kuwa mtu akitegemea chombo huweza kupoteza uangalifu. Chombo hiki chenyewe hakiaminiki bila mwangalizi: umeme ukikatika saa 3, kisahani husimama saa 3, kisha taa huchelewa kuwaka kwa muda huo huo mpaka mtu akisahihishe. Tena hakifai kila mahali. Jokofu halizimwi kwa saa, kwa maana chakula huharibika. Na pampu au hita yenye nguvu kuliko uwezo wa swichi huiunguza, hivyo fundi huulizwa kwanza. Wala hakigeuzi taa mbaya kuwa njema: tulipoweka balbu za wati 9, matumizi ya usiku yalishuka mpaka uniti 0.216, faida kubwa kuliko ile ya saa.

Hata hivyo, nilimwambia Bibi kuwa saa haikuchukua akili yetu. Imeshika ahadi yetu. Tulikaa pamoja, tukakubaliana taa iwake lini na pampu ifanye kazi kwa muda gani, kisha tukakabidhi makubaliano hayo kwa kitu kisicho na ndugu wala chumba. Bibi alikubali kwa sharti moja, kwamba yeye ndiye awe mwenye kukisahihisha umeme ukatikapo. Tangu hapo, taa ikichelewa, watu humwendea Bibi, hawaendi kunong'onezana. Wale majirani wawili bado si marafiki, lakini husalimiana. Akiba ya fedha tuliyoipata ni ndogo, na twaigawa kwa sita. Bali hii ya pili haigawanyiki, na kila mmoja wetu anayo yote.