Njia Imefunguka, Uwanja Umeuzwa

Zamani, kwenye voleyi, pointi haikupatikana hivihivi. Ilikuwa lazima servisi iwe yenu. Mkishinda mpira ulioanzishwa na wapinzani, mlichopata ni servisi tu, ubao haukusogea. Seti ya pointi 15 iliweza kula saa nzima, na sisi wasichana wa Bukavu wa miaka ya themanini hatukuona tabu, mpaka giza la saa kumi na mbili limlazimishe mwamuzi kupuliza filimbi na kusema tutamalizia kesho.

Shule yetu ilikuwa upande wa Ibanda, kwenye mteremko, kama karibu kila kitu Bukavu. Uwanja ulikuwa wa udongo mwekundu uliosawazishwa kwa majembe. Mvua za Septemba zikianza ulikuwa utelezi mtupu, na soksi zilizoingia humo hazikurudi kuwa nyeupe. Wavu ulishonwashonwa kwa uzi wa wavuvi wa sambaza. Ukiusogelea uliona matundu ya ukubwa tofauti, kila mwaka umeacha kiraka chake. Mpira ukiruka ukuta ulishika njia ya ziwani. Kwa hiyo kila mazoezi palikuwa na mdogo mmoja wa madarasa ya chini amesimamishwa huko bondeni, kazi yake kudaka. Wadakaji wetu bora walianzia hapo. Ukishinda unazuia mipira inayoteremka kwa kasi juu ya mawe, smashi ya mtu haikutishi.

Tulicheza na shule ya Wima, tulicheza na Athénée ya Ibanda. Kaka zetu walikwenda kusoma Alfajiri kwa Wajezuiti, wakarudi wakisimulia viwanja vya huko mpaka tukaona wivu. Siku tuliyochukua kombe la shule za mji, zawadi ilikuwa madaftari na kreti moja ya Fanta, tukainywa hivyohivyo ikiwa moto. Mimi nilikuwa natoa pasi. Aliyekuwa anapiga tulimwita Yaya, kwa kuwa alituzidi sote umri. Alipiga kwa mkono wa kushoto, na wapinzani walikuwa wanachelewa kila mara kujua bloku waiweke wapi. Baba yake alikuja siku moja kumtazama. Mechi ilipokwisha alimwambia mwalimu wetu, kwa upole kabisa: "Mwalimu, binti yangu anaruka vizuri, nimeona. Sasa baada ya hapa?"

Mwalimu hakuwa na la kujibu. Mwisho wa voleyi ulikuwa diploma ya serikali. Ukishaipata unavua raba, unaolewa au unatafuta kazi. Kuitwa timu ya taifa kulitaka mtu aonekane Kinshasa, zaidi ya kilomita 1,500 kutoka kwetu, na barabara ya kufika huko hakuna. Yaya leo ana duka la vitenge. Bega la kushoto linamuuma wakati wa baridi.

Kisha yakaja yaliyokuja. Mwaka 1994 wakimbizi kutoka Rwanda walijaa mjini, na penye nafasi tupu pakasimamishwa hema. Mwaka 1996 vita. Mwaka 1998 shirikisho la dunia, FIVB, likaubadili mchezo: likamwingiza libero, mlinzi ambaye hahitaji kuwa mrefu, na likakubali kila mpira uzae pointi, seti zikafika 25. Mwaka huohuo, Agosti, sisi tulikuwa tunaingia vita vya pili. Sheria mpya zilitufikia kwa kuchelewa sana, na mpaka leo sizipendi, ingawa nakiri kwamba mechi sasa zinakwisha kabla ya giza. Kinachoniuma ni huyo libero. Mabinti wafupi wangapi tuliwaacha bondeni wakidaka mipira!

Swali la baba yake Yaya sasa lina jibu. Kule Kenya, Pipeline, Prisons na KCB ni timu za waajiri. Binti anayejua kupiga anaweza kupata mshahara humo, na timu yao ya taifa ya wanawake, Malkia Strikers, imeshacheza Olimpiki ya Sydney, Athens, Tokyo na Paris. Hapo ng'ambo ya Ruzizi, Rwanda, kuna timu za APR, Polisi na Mamlaka ya Mapato, na vyuo vikuu navyo vina timu. Kongo yenyewe iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022. Video ya simu inatosha kumfikishia kocha wa Kigali mkono wa kushoto wa mtoto wa Kadutu, mjini kwetu. Watu hunitajia Jonathan Kuminga, kijana wa Goma aliyeingia NBA mwaka 2021. Ni kweli, lakini huyo ni wa kikapu, na aliondoka nchini akiwa bado mdogo.

Ila huyo mtoto wa Kadutu anajifunzia wapi? Uwanja wetu umekatwa viwanja vya nyumba. Nilipita hapo: palipokuwa mstari wa servisi pana ghorofa lenye maduka chini, na ukuta wake umeshapasuka kwa sababu ardhi ile haikubali uzito. Mji umejaa, watu wamekimbia vita vya vijijini na lazima walale mahali, hilo silibishi. Lakini waliokata uwanja wa shule hawakuwa wakimbizi. Tangu Februari 2025, waasi wa M23 walipoingia mjini na uwanja wa ndege wa Kavumu kufungwa, hata wenye kipaji cha kuonekana Kinshasa wamebaki kuhesabu vikwazo.

Vita siwezi kuviamuru. Maparokia, wakuu wa shule na kamati za wazazi wanaweza kuamuru karatasi za mauzo. Uwanja wa voleyi ni mita 18 kwa 9. Pamoja na nafasi ya pembeni, 24 kwa 15. Kabla hamjatia saini ya kuuza kipande kinachofuata, pimeni hizo kwanza, mziache.